Kununua kamera kuukuu za picha za papo hapo: uliza filamu kwanza

Naandika haya mara moja ili nisiyarudie. Kila mara naletewa picha ya kamera kutoka Gikomba au Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, na swali lilelile: "Hii itafanya kazi?" Tafadhali soma yote kabla ya kuuliza.

1. Tazama lenzi. Ikiwa na ukungu, iache.

2. Jua inatumia filamu gani kabla ya kutaja bei. Pesa nyingi hupotelea hapa. Mara nyingi imeandikwa ndani ya mlango wa filamu. Filamu za Polaroid za aina ya SX-70 na za 600 bado zinatengenezwa Uholanzi. Za Spectra, aina nyingine ya Polaroid, ziliachwa 2019. Za kuvuta karatasi kwa mkono, Fujifilm ilitangaza mwisho wake 2016. Kodak nayo ilishindwa kesi na Polaroid, ikaacha kamera zake za papo hapo na filamu zake 1986. Muuzaji atakuonyesha ngozi inayong'aa na sanduku lake. Bila filamu, hilo ni pambo la kabati, basi lipa bei ya pambo. Wala usikubali kwamba "zote ni Polaroid, zinaingiliana". Filamu ya 600 ina wepesi wa kunasa mwanga wa ISO 640, ya SX-70 ni 160 hivi. Ukiweka ya 600 kwenye SX-70 bila kichujio cha kupunguza mwanga, picha itatoka nyeupe mno.

3. Usiamini neno "imekufa". Kwa SX-70, 600 na Spectra, betri imo ndani ya pakiti ya filamu, bapa, upande wa chini. Bila pakiti lazima kamera inyamaze. Nenda na pakiti iliyokwisha picha. Betri yake huwa na nguvu bado. Iingize, funga mlango, usikilize mota. Pakiti ya i-Type, filamu ya kamera mpya za Polaroid, haifai, haina betri.

4. Futa rola, zile zinazobana picha inapotoka, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Uchafu ulioganda huacha alama zinazojirudia kwenye picha. Kisha nawa mikono, dawa ya filamu inachoma.

5. Filamu ikae kwenye friji, kamwe si friza. Itoe saa moja kabla ya kupiga.

MASWALI

Dogo wa Umoja: Bosi, nimeona Spectra safi sana. Si itakubali filamu ya 600?
— Hatua ya 2.

Dogo wa Umoja: Lakini muuzaji ameapa inaingia.
— Mwambie aiingize mbele yako.

Binti Ngara: Samahani kaka, mwezi wa saba picha zangu hupauka na kuwa za samawati. Filamu ni mbovu?
— Swali zuri, dada. Ni baridi. Dawa yake hutaka nyuzi 13 hadi 28, na asubuhi za Julai hapa hushuka chini ya hapo. Picha ikitoka tu, itie mfuko wa ndani wa koti, ikae dakika 15 bila kuona mwanga. Usiitikise. Mombasa mchana utaona kinyume, rangi zinakuwa za manjano au nyekundu.

Msafiri: Shangazi ananiletea pakiti kutoka Ulaya. Mashine za uwanja wa ndege?
— Asiziweke kwenye mzigo wa chini. Azibebe mwenyewe, aombe zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, za eksirei kali, huharibu filamu.

Fundi Eastleigh: Wanaonunua SX-70, ingieni chumba cha giza, mulike kwa ndani ile sehemu ya mpira inayokunjika. Ukiona nukta ya mwanga, kila picha itakuwa na doa.
— Kweli kabisa. Tochi ya simu inatosha, na chunguza zaidi kwenye kona za mikunjo, ndiko hupasuka kwanza.