Usihesabu siku tu unapopandisha mbwa

Wengi huhesabu siku 10 au 12 tangu damu ya kwanza, wanampeleka jike kwa dume, kisha wanashangaa mimba haikushika. Hesabu hiyo inasaidia kukadiria tu. Wapo majike wanaokuwa tayari siku ya 7, na wengine hadi ya 20 na ushei.

Mwangalie jike mwenyewe. Mfute uke kila asubuhi kwa kitambaa cheupe: damu nyekundu ikipauka na kuwa kama maji ya waridi au rangi ya majani makavu, muda umekaribia. Uke uliovimba na kukaza nao hulegea. Halafu mkune juu ya shina la mkia. Akisimama wima na kuupinda mkia pembeni, amekubali. Mpandishe, kisha rudia baada ya siku mbili, maana mayai yakishatoka huchukua kama siku mbili kukomaa, na mbegu za dume mwenye afya huishi tumboni siku kadhaa.

Jike ambaye joto lake (kipindi chake cha kupandwa) halina dalili za wazi, daktari wa mifugo ampime projesteroni, homoni inayoonyesha mayai yanatoka lini, kwenye damu. Na dume na jike wakinasana wakati wa kupandana, usiwavute, huachana wenyewe.