Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Dashibodi kwa Sababu ya Hita Dhaifu

Hita ya gari la zamani inapoanza kutoa hewa ya uvuguvugu badala ya joto, lawama huangukia haraka rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kwa kuwa katika magari mengi kuifikia ni kazi ya kutwa nzima, mwenye gari hujikuta amelipia ufundi mkubwa kwa kosa ambalo pengine lilikuwa mbali kabisa na mahali palipofunguliwa. Inafaa kukumbuka kwamba hita haina moto wake yenyewe bali huazima joto la injini. Kulanti, ambayo wengi huiita tu maji ya rejeta, hupata moto ndani ya injini, huingia kwenye rejeta ya hita kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, na feni hupuliza hewa katikati ya vijia vyake. Basi ama maji hayapati moto wa kutosha, ama yana moto lakini hayafiki, ama yanafika na hewa ndiyo isiyopita inapostahili. Karibu yote haya yanaweza kutambuliwa kwa macho na viganja kabla skrubu ya kwanza haijalegezwa.

Jambo la kwanza ni kiasi cha kulanti, nacho hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi baada ya gari kulala. Kifuniko kisiguswe injini ikiwa ya moto, kwa sababu mfumo huu hufanya kazi kwa mgandamizo unaoyawezesha maji kuvuka nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka. Mgandamizo ukiachiliwa ghafla, yanaruka na kuunguza uso na mikono. Kama rejeta kubwa ina kifuniko chake, itazamwe yenyewe, wala mtu asiridhike na mstari wa kwenye kopo la akiba, kwani kopo linaweza kuonekana limejaa ilhali rejeta imepungukiwa. Kulanti inapopungua, hewa hunasa kwenye rejeta ya hita mapema kwa kuwa mara nyingi imewekwa juu. Dalili yake ni sauti ya maji yanayochuruzika nyuma ya dashibodi kila unapokanyaga mafuta. Kujaza peke yake hakutoshi. Ni lazima ijulikane maji yalikokwenda, iwe ni kwenye mpira uliopasuka, kwenye pampu ya maji, chini ya zulia la abiria, au ndani ya injini kupitia gasketi ya silinda hedi.

Pili ni thamostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto, ambayo katika injini nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 92. Ikikwama wazi, maji huzunguka kwenye rejeta kubwa tangu injini inapowashwa, mshale wa geji hupanda kwa uvivu, kisha hushuka tena gari linapokimbia barabara ndefu au kuteremka mlima. Katika injini nyingi inatosha kuushika mpira wa juu wa rejeta katika dakika za mwanzo: ukibaki baridi kwa muda kisha ukapata moto kwa ghafla, thamostati inafanya kazi, ukipata uvuguvugu polepole sambamba na injini, haijifungi. Tena lisisahaulike kwamba gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi linaweza kuwa halina thamostati hata kidogo, kwani wapo wanaoing'oa ili injini isichemshe, na mnunuzi hapewi habari.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mipira miwili ya hita inayopenya ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Injini ifikie joto lake la kawaida, kidhibiti kiwekwe kwenye joto la mwisho na feni iwashwe, ndipo mipira iguswe kwa tahadhari: kwanza mguso wa haraka, kisha kiganja. Mikono ya shati, kamba za kofia na minyororo viwekwe mbali na mikanda, na ieleweke kwamba feni ya umeme ya rejeta inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Mipira yote miwili ikiwa ya moto, maji hayana kosa na uchunguzi uhamie upande wa hewa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili ukiwa umepoa sana, maji yanapita kwa shida, na hapo rejeta ya hita inaweza kweli kuwa imeziba. Yote ikiwa baridi ilhali geji inaonyesha joto la kawaida, shaka iwe juu ya hewa iliyonasa, pampu iliyolika mapanga, au vali ya hita iliyofungwa. Vali hii huwapo katika magari mengi ya zamani na huvutwa kwa kebo. Mtu mmoja asogeze kidhibiti, mwingine atazame kama mkono wa vali unafuata. Mimi mwenyewe niliwahi kung'oa nusu ya dashibodi kabla ya kugundua kwamba kebo ilikuwa imechomoka kwenye kibanio chake, jambo ambalo lingeonekana kwa tochi boneti ikiwa wazi.

Ikithibitika kwamba rejeta ya hita imeziba, kuisafisha bila kuitoa kunastahili kujaribiwa, kwa kupitisha maji kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida na kwa nguvu ndogo, kwani vijia vyake ni vyembamba na vilivyochakaa hupasuka. Kabla ya hapo mipira mipya na vibanio vyake viwe tayari, maana mpira mkavu uliogandia usivutwe kwa nguvu. Ni afadhali kuuchana kwa kisu kwa urefu kuliko kuvunja bomba la rejeta. Kulanti inayomwagika ikingwe kwenye beseni, kwa kuwa ni sumu na utamu wake huvutia wanyama. Wakati wa kujaza, zifuatwe aina iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari na uwiano wake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glikoli na maji hustahimili baridi ya karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kisha hewa itolewe, hita ikiwa wazi. Unga wa kuziba mivujo, kwa maoni yangu, usiingie kabisa kwenye gari ambalo hita yake tayari ni dhaifu.

Upande wa hewa hauna mengi. Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu tu huwa imeunguza rezista yake, yaani kipande cha umeme kinachoipa kasi za chini, chujio la hewa ya ndani likijaa vumbi hupunguza upepo, na kibao kinachochanganya hewa baridi na ya moto huweza kukwama au kupoteza sponji yake.

Harufu tamu ndani ya gari, ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele na zulia lililolowa huonyesha kwamba rejeta ya hita inavuja, na hapo dashibodi haina budi kufunguliwa. Magari yanayopozwa kwa hewa, kama Volkswagen Beetle ya zamani, yana tahadhari ya peke yake: joto lake hutoka kwenye mfumo wa ekzosi, na tundu dogo huweza kuingiza kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Hita ya gari la namna hiyo isiwashwe mpaka mabomba ya ekzosi na vibadilisha joto vyake vikaguliwe.