Namna ya Kupata Fedha Zako za Nyumbani Ukiwa Mgeni Mbeya au Iringa

Mgeni anayehamia Mbeya au Iringa kwa masomo, kazi au biashara hudhani kwamba kikwazo kikubwa cha fedha ni umbali uliopo kati yake na benki ya kwao. Kwa niliyoyaona katika miaka ya kupangisha vyumba kwa wanafunzi na walimu kutoka Malawi, Zambia, Kenya na Kongo, fedha huvuka mpaka kwa dakika chache, kisha hukwama dirishani kwa sababu jina aliloandika mtumaji silo lililo kwenye pasipoti ya mpokeaji. Ndiyo maana naanza na majina na hati kabla ya kugusa njia zenyewe za kutumiana.

Kabla hujaondoka kwenu, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, umpe kila mtu ambaye huenda akakutumia fedha. Ndugu wanakujua kwa jina la nyumbani au la ubatizo, lakini karani anayejua pasipoti tu hawezi kukusaidia kwa huruma. Mpangaji wangu mmoja alitumiwa ada na kaka yake kwa jina la babu yao, ambalo ukoo mzima unalitumia lakini halimo katika hati yake yoyote, akarudi dirishani siku tatu mfululizo akiwa na namba ya muamala sahihi, na kila siku akaambiwa maneno yaleyale. Suluhisho lilikuwa kwa kaka yake, kwa kuwa jina husahihishwa na aliyetuma, kule alikotumia. Kijana alikuwa amezitumia siku hizo tatu kubishana na mtu asiyekuwa na uwezo wa kubadilisha chochote.

Ukishafika, jambo la kwanza ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Nenda na pasipoti halisi kwenye duka la kampuni yenyewe, iwe Vodacom, Airtel, Yas au Halotel, badala ya kusajiliwa na kijana wa mwavuli barabarani, maana usajili hufanywa kwa alama za vidole na wageni wana utaratibu wao. Uliza pia usajili wako unakoma lini, hasa kama bado hujapata kibali cha ukaazi. Jirani mwema atakupa laini yake ya ziada uanze nayo. Mshukuru na uikatae. Fedha inayoingia kwenye laini ni ya mtu aliyeisajili, na siku mtakapokosana au namba ya siri itakapojifunga, hutakuwa na pa kushitaki.

Kwa anayetoka Kenya, njia nyepesi ni M-Pesa, lakini kuna jambo linalowachanganya wengi. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 chini ya Safaricom na ikaja Tanzania mwaka 2008 chini ya Vodacom, kwa hiyo jina ni moja na kampuni ni mbili. Usitegemee laini ya Safaricom kwa wakala wa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mtumaji atume kutoka Kenya kwenda kwenye laini yako ya Vodacom ya Tanzania, jambo linalowezekana tangu mwaka 2015. Ukisikia watu wanataja Tigo Pesa, jua kwamba ndiyo inayoitwa sasa Mixx by Yas, ingawa vinywa vyetu havijahama. Mwombe anayekutumia aweke na ya kutolea, kama tusemavyo hapa, kwa sababu ada ya kutoa humkata mpokeaji, na ukitumiwa kiasi kamili cha kodi ya nyumba utapungukiwa.

Kwa wakala, tofautisha matatizo mawili ambayo kwa mgeni husikika kama moja. Akisema hana floti, yaani salio lake la kwenye simu limekwisha, hawezi kukuwekea fedha kwenye simu. Akisema hana keshi, hawezi kukutolea. Vibanda vya Kabwe na Mwanjelwa mjini Mbeya, au vya Miyomboni mjini Iringa, kwa kawaida huhimili kiasi cha kutosha, lakini ukipangiwa shule huko Uporoto au Ludewa, toa fedha za wiki nzima unapopita mjini. Soma jina la wakala linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, bonyeza namba ya siri mwenyewe, na ujumbe wowote unaokuambia “ile hela itume kwenye namba hii” ufute bila kuujibu. Huo ni utapeli wa siku nyingi, na humpata mgeni kwa urahisi kwa sababu kweli anasubiri kulipa kodi au ada kwa mtu asiyemfahamu vizuri.

Kadi ya benki ya kwenu, ikiwa ni ya Visa au Mastercard, hufanya kazi kwenye mashine nyingi za kutolea fedha (ATM) za mijini. Iarifu benki yako kabla ya safari, vinginevyo muamala wa kwanza kutoka Tanzania unaweza kuonekana kama wizi na kadi ikafungwa. Kwa kuwa noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000, mashine nyingi hutoa laki nne tu kwa mara moja, na kwa kuwa kila mara ina ada yake, ni afadhali kutoa kiasi kikubwa mara chache kuliko elfu hamsini kila siku mbili. Mashine ikikuuliza kama unataka ukatwe kwa fedha ya kwenu au kwa shilingi, chagua shilingi, kwa sababu kiwango cha ubadilishaji kinachowekwa na mashine huwa kibaya kuliko cha benki yako. Tumia mashine iliyo kwenye tawi, saa za kazi, ili kadi ikimezwa uingie ndani papo hapo.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni laini ya nyumbani. Benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu uliyojisajili nayo, na laini hiyo ikifa, fedha zako utaziona kwenye programu bila kuweza kuzigusa. Iweke hai, hakikisha inapokea ujumbe ukiwa nje ya nchi, na uiongeze salio kidogo kila baada ya muda.

Atakayekaa mwaka au zaidi afungue akaunti. CRDB, NMB na NBC zina matawi Mbeya na Iringa, nawe utatakiwa kuwa na pasipoti, kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwanafunzi ni cha daraja C, pamoja na barua ya chuo au mwajiri. Hapo ndipo unaweza kupokea fedha kutoka benki ya nje, ukimpa mtumaji jina la akaunti, namba yake na namba ya SWIFT inayoitambulisha benki kimataifa, yenye herufi na tarakimu 8 au 11. Dola mara nyingi hupitia benki nyingine ya kati ambayo nayo hukata chake. Kwa hiyo, kwa malipo yasiyotakiwa kupungua, mtumaji aombe kubeba gharama zote mwenyewe. Benki ikikuuliza chanzo cha fedha usichukie; onyesha barua ya ufadhili au hati ya mshahara. Kwa dharura kuna Western Union, ambayo hupokelewa kwenye benki kwa namba ya muamala yenye tarakimu 10 na kitambulisho.

Kuhusu noti mkononi nitasema machache. Dola zilizochapishwa kabla ya mwaka 2006 au zilizochanika hukataliwa mara nyingi, na noti ndogo hupewa kiwango cha chini. Vijana wanaokulaki mpakani Tunduma (Zambia) au Kasumulu (Malawi) wakiwa na mabunda ya kwacha na shilingi hawana leseni, na ustadi wao uko kwenye kuhesabu. Badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, uchukue risiti. Ukibeba dola 10,000 au zaidi, au thamani yake, unatakiwa kutamka forodhani. Na mwenye nyumba akikutaka ulipe kwa dola, mkumbushe kwa adabu kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni.

Miezi miwili ya mwanzo, wakati akaunti haijafunguliwa na kibali kinasubiriwa, ndiyo migumu kuliko yote, kwa hiyo njoo na kodi na chakula cha kipindi hicho. Siku ya kuondoka, toa salio lote la simu na ufunge akaunti ukiwa bado mjini, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji saini yako na pasipoti, na kuifanya ukiwa Lilongwe au Nairobi kutakugharimu kuliko kilichobaki ndani.