Jinsi ya kuomba leseni ya kuwinda koyote Marekani: Texas kwanza, kisha majimbo yenye masharti tofauti

Koyote ni wa jamii ya mbwa, anafanana na bweha ila huwa mzito zaidi. Zamani makao yake yalikuwa nyanda na majangwa ya magharibi. Mbwa-mwitu walipomalizwa na misitu ya mashariki ikafyekwa, alipata nafasi akaenea, na leo yuko katika kila jimbo isipokuwa Hawaii, hadi ndani ya miji kama Chicago na Los Angeles. Wa mashariki wamechanganya damu na mbwa-mwitu, ndiyo maana wana miili mikubwa kuliko wa magharibi.

Hakuna leseni ya taifa. Kila jimbo hutoa yake, na leseni ya jimbo moja haifai kitu ukishavuka mpaka. Hapa tunaanza na Texas, wanakoishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo.

Kwanza: je, unahitaji leseni?

Sheria ya Texas haimhesabu koyote kuwa mnyama wa kuwindwa kwa msimu kama paa au bata mzinga. Hana msimu wala kikomo cha idadi, lakini leseni ya uwindaji inatakiwa. Msamaha upo kwa koyote anayeshambulia, anayekaribia kushambulia au aliyeshambulia karibuni mifugo, kuku au wanyama wa nyumbani. Huyo unaweza kumuua bila leseni. Piga picha ya mizoga na nyayo kabla hujasafisha banda, maana ukiulizwa huo ndio ushahidi wako. Msamaha huu haufuti sheria za mji: ndani ya mipaka ya miji mingi kufyatua bunduki ni kosa, hata kama koyote ameingia bandani.

Pili: hadhi yako ya uhamiaji na silaha

Hapa ndipo watu huumia, tena bila kujua. Mwenye Green Card (kadi ya ukazi wa kudumu) na mkimbizi aliyepokewa rasmi hawazuiwi kumiliki bunduki kwa sababu tu si raia. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, amekatazwa na sheria ya taifa kushika silaha au hata risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa chache zilizotajwa, na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo ni mojawapo. Kwa hiyo leseni itangulie, bunduki ifuate. Leseni ya Texas huisha Agosti 31. Mwenye viza ambaye hajapata nyingine na bunduki iko kabatini Septemba 1, tayari yumo kosani. Asiye na hadhi halali asiguse silaha kabisa, na aliye katikati ya kesi ya hifadhi amuone wakili kwanza.

Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya taifa ya kununulia bunduki, na asiye raia huandika namba yake ya uhamiaji au ya I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini. Jibu la uongo ni kosa la jinai. Kumnunulia bunduki ndugu asiyeruhusiwa ni kosa. Anayevuta bangi naye hukataliwa, hata kama jimbo lake limeihalalisha.

Tatu: kozi ya usalama

Aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwenye miaka 17 na zaidi anaweza kusoma yote mtandaoni. Cheti hiki hutambuliwa na majimbo mengine, kwa hiyo kitunze. Kama muda haukutoshi, unaweza kulipa dola 10 kuahirisha kozi, mara moja tu maishani, na ukiwa porini uandamane na mwindaji mwenye leseni ambaye cheti chake kipo.

Nne: kununua leseni

Inauzwa kwenye tovuti ya Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, kwa simu, na kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Andaa kitambulisho na namba ya Social Security, ambayo sheria ya taifa inayataka majimbo kuikusanya ili kuwabana wazazi wasiolipa matunzo ya watoto. Mkazi, yaani aliyeishi Texas mfululizo kwa zaidi ya miezi 6, hulipa dola 25. Asiye mkazi hulipa 315. Usikimbilie hiyo 315: kwa koyote peke yake, leseni ya asiye mkazi ya siku 5, dola 48, inatosha. Anayejiita mkazi kabla ya miezi 6 kutimia ametoa taarifa ya uongo, na bili za umeme au hati za mshahara zitamuumbua.

Tano: ardhi

Sehemu kubwa mno ya Texas ni mashamba ya watu. Omba ruhusa, na uipate kwa maandishi. Ukiona mti au nguzo ina mstari wa wima wa rangi ya zambarau, urefu wa sentimita 20 hivi, kati ya sentimita 90 na 150 hivi kutoka ardhini, maana yake ni marufuku kuingia, hata kama hakuna bango. Kwenye shamba la mtu binafsi unaweza kuwinda koyote hata usiku kwa taa. Mpigie simu askari wa wanyamapori wa kaunti kabla ya kuwasha taa, kwa sababu jirani atakayeiona atadhani ni majangili wa paa.

Majimbo mengine

New York ina msimu: Oktoba 1 hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, na kisiwa cha Long Island pamoja na jiji lenyewe la New York vimefungwa. Maine ni mwaka mzima mchana, ila usiku ni Desemba 16 hadi Agosti 31, kwa kibali cha ziada. California imepiga marufuku risasi zenye madini ya plumbi (lead) kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Soma pakiti kabla ya kulipa.

North Carolina inataka uangalifu zaidi. Katika kaunti 5 za Beaufort, Dare, Hyde, Tyrrell na Washington wanaishi mbwa-mwitu wekundu wachache waliobaki porini, nao wakionekana kwa mbali hufanana sana na koyote. Huko unahitaji kibali cha koyote juu ya leseni, na kuwinda usiku hakuruhusiwi.