Kabla hujaenda kupima homoni za hedhi

Siku hizi hedhi ikichelewa kidogo tu, mwanamke anaambiwa ana mvurugiko wa homoni na anapewa karatasi ya kwenda maabara. Vipimo hivi ni ghali, na kikichukuliwa siku isiyo yake kipimo kinadanganya. Basi kabla hujatoa hela, panga haya.

Pima mimba kwanza, hata kama una uhakika huna.

Andika tarehe zako kwa miezi mitatu mfululizo. Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka kamili, si matone ya kahawia yanayotangulia. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Hiyo 28 tunayokaririshwa ni wastani tu.

Taja kila dawa unayotumia. Vidonge, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango ni homoni, lazima vibadilishe majibu. Baada ya sindano ya miezi mitatu, mayai yanaweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kuanza tena kupevuka. Metoclopramide, ile dawa ya kuzuia kutapika, hupandisha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) huharibu upimaji wenyewe. Kama unanyonyesha, sema.

Prolaktini ipimwe asubuhi, ukiwa umeamka muda na umetulia. Usifike unahema, na usiwe umekamua chuchu kujaribu kama maziwa yanatoka.

FSH na LH, homoni zinazoamrisha ovari (mahali mayai yanapotunzwa), pamoja na estrojeni inayotoka kwenye ovari zenyewe, kwa kawaida hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi, wakati ovari zimetulia. Kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ndicho kinachoumiza watu, na hapa naomba usome taratibu.

Mdogo wangu alikuwa anatafuta mtoto. Aliandikiwa projesteroni ya siku ya 21, akaenda siku hiyohiyo bila kukosea, majibu yakatoka chini mno. Akaambiwa mayai yake hayapevuki. Akaanzishiwa vidonge vya kupevusha mayai, wifi yake akamletea mizizi ya kuchemsha, na nyumbani akaanza kutazamwa kama mgonjwa. Alikonda kwa mawazo. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza mzunguko wake ni wa siku ngapi. Ni wa siku 35, tangu usichana wake.

Tazama mwili unavyofanya kazi. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa FSH inayokuza vifuko vya mayai. Kifuko kimoja huwapita wenzake na kumwaga estrojeni, inayojenga ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Mwanzoni estrojeni huizuia pituitari isizidishe. Ikishakaa juu kwa takriban siku mbili inafanya kinyume, pituitari inafyatua LH kwa wingi, na saa kama 36 baadaye yai linatoka. Kile kifuko kilichobaki ndicho kinachotengeneza projesteroni. Kinaishi wiki mbili hivi. Mimba isipoingia kinanyauka, projesteroni inaporomoka, ukuta unabanduka na damu inatoka.

Kwa hiyo zile wiki mbili za mwisho hazibadiliki sana. Kinachorefuka ni mwanzo. Mwenye siku 28 hutoa yai karibu siku ya 14, na projesteroni hufika kileleni siku ya 21. Mdogo wangu hutoa yai karibu siku ya 21. Walimpima homoni ambayo mwili wake ulikuwa bado haujaanza kuitengeneza.

Daktari wa pili, mama mtu mzima, alimuuliza, "Mwanangu, hedhi huja baada ya siku ngapi?" Alipojibiwa, akamsimamisha vidonge, akamwambia asubiri mzunguko mwingine na arudi siku ya 28. Projesteroni ikakutwa juu. Mayai yalikuwa yanapevuka.

Basi toa 7 kwenye idadi ya siku zako: mwenye 30 apime siku ya 23, mwenye 35 siku ya 28. Kama hedhi haitabiriki, mwambie daktari; huenda ukahitaji kurudia kipimo kila wiki hadi damu ije. Ukiandikiwa "siku ya 21" bila kuulizwa chochote, taja urefu wa mzunguko wako mwenyewe, hapohapo, kabla hujanyanyuka kitini.

Mengine ni ya kawaida. Tunza karatasi za majibu, na ukirudia kipimo tumia maabara ileile, maana viwango hutofautiana. Kama ni mtoto mnatafuta, mume naye apime mbegu mapema. Dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni usizinywe. Na ukiona pedi inajaa kila saa, au tumbo linauma upande mmoja na kizunguzungu juu, achana na kuhesabu tarehe, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako.