Kupima utofauti wa protini za VVU kwenye sampuli za Kilimanjaro

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili hapa Moshi aliyekuwa na mifuatano (herufi za nukleotidi) ya pol, jeni ya VVU inayotengeneza vimeng'enya vyake, vikiwemo protease na reverse transcriptase. Jedwali lake lilionyesha karibu kila mgonjwa ana mabadiliko chungu nzima kwenye protease. Mengi hayakuwa mabadiliko. Alilinganisha na HXB2, kirusi rejea cha aina ndogo (tawi la VVU) B chenye asili ya Ufaransa, wakati Tanzania wanaotawala ni A1, C, D na michanganyiko yao. HXB2 ni ya kuhesabia nafasi tu. Tafadhali shikeni hilo kabla ya yote.

1. Maandalizi. Kibali cha utafiti kiwe mkononi. Jina la faili lisibebe namba ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo) ya mgonjwa. Mgonjwa mmoja, mfuatano mmoja.

2. Mifuatano rejea. Pakua HXB2 (namba yake ya hifadhidata ni K03455) na rejea za A1, C na D kutoka hifadhidata ya mifuatano ya VVU ya Los Alamos. Ni bure.

3. Kupanga kwa kodoni, yaani nukleotidi tatu tatu, kila tatu zikiwa asidi amino moja. Hapa ndipo siku huishia. Mimi natumia programu ya MAFFT kupanga na ya AliView kukagua kwa macho. Kupanga mifuatano ndani ya Word sikushauri kabisa.

Kata protease kuanzia nafasi ya 2253 hadi 2549 ya HXB2: nukleotidi 297, yaani asidi amino 99. Ukitafsiri, mwanzo usomeke PQIT (herufi za asidi amino nne za kwanza). Usiposomeka hivyo, angalia kwanza kama mashine ya kusoma mifuatano ilianza kusoma mbele kidogo. Mifuatano mingi hukosa kodoni za mwanzo, na hilo si kosa. Lakini ukiona mambo yako sawa hadi katikati, kisha ghafla kila asidi amino inatofautiana na rejea, nukleotidi moja imepotea au imezidi. Mara nyingi ni pale A zinapofuatana nyingi. Rudi kwenye grafu ya mashine, usibahatishe. Nyongeza ya kweli huja kwa tatu tatu, kama ile inayojulikana karibu na nafasi ya 69 ya reverse transcriptase.

Halafu kuna herufi mseto, zinazosimamia nukleotidi zaidi ya moja: M ni A au C, R ni A au G. AAM kwenye nafasi ya 103 ya reverse transcriptase maana yake mgonjwa ana AAA na AAC pamoja, yaani asidi amino K na N; nayo N hapo ni usugu kwa dawa za efavirenz na nevirapine. Programu nyingi huandika X (haijulikani) na taarifa hiyo inapotea. AAR, kwa upande mwingine, ni K tu vyovyote utakavyoisoma. Kwa hiyo usifute mseto wote kwa mkupuo. Hesabu asidi amino zote mbili, ueleze kwenye mbinu zako.

Ukikuta kodoni za kusimamisha (zinazokatisha protini) pale TGG ilipopaswa kuwepo, shuku APOBEC, protini ya mwili inayogeuza G kuwa A. Matone ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi hubeba pia DNA ya virusi iliyo ndani ya seli, kwa hiyo tatizo hili huonekana zaidi huko. Pitisha mifuatano kwenye Hypermut, programu ya kutambua uharibifu huo, uondoe iliyoharibika.

Kwa env, jeni ya protini za gamba la kirusi, msifuate njia hii. Vitanzi vya protini yake hurefuka na kufupika kwa asili.

4. Aina ndogo. Tambua kwa programu ya COMET kwanza, kisha chora mti wa ukoo kwa IQ-TREE. Inayosomeka A1 kwenye protease na D kwenye reverse transcriptase ni mchanganyiko, iwe na kundi lake. Mifuatano inayofanana mno ichunguzwe: huenda sampuli zimechafuana maabara.

5. Hesabu. Piga entropia ya Shannon (kipimo cha utofauti) kwa kila nafasi, kila aina ndogo peke yake. Mfano mzuri ni nafasi ya 36 ya protease: B kwa kawaida ina asidi amino M; A1, C na D zina I. Ukizichanganya na B, nafasi hiyo itaonekana inabadilikabadilika sana; ukizitenganisha, imetulia. Usugu wa dawa upime kando, kwa Stanford HIVdb, hifadhidata ya usugu wa VVU, na uwe na safu yake kwenye jedwali.