Friji ya zamani: usikate bomba kabla hujapima

Kila nikipita vichochoro vya Mkomani nikaona friji ya mabega ya duara imetolewa nje ya mlango ikingoja hamali akaitupe, roho yaniuma kabisa, manake mara nyingi mashine yake iko nzima, kilichokufa ni waya au relei (kile kiswichi cha kuianzisha mota) au raba ya mlango, lakini mwenyewe ashaambiwa na fundi "gesi imeisha" na ameamini. Sasa wacha niwaeleze vile mimi nafanya hapa Amu (Lamu), tangu kuitafuta mpaka maji yapoe ndani. Nazungumzia friji za miaka ya 1940 mpaka 1960 na kitu hivi, zile za mlango mzito wenye komeo la chuma, kina Frigidaire, Kelvinator, Electrolux, na nikienda Malindi huulizia pia za Kiitaliano kama Ignis, kwa vile Wataliano wamekaa sana huko.

Kuzipata, usihangaike na matangazo, kaa karibu na waashi na mahamali. Nyumba ya zamani ikiuzwa au warithi wakianza kukarabati, wao ndio wa kwanza kujua kuna nini juu ghorofani. Na uliza majumbani kwa adabu, manake friji nyingi ziko hai kama makabati tu. Niliyo nayo sasa niliipata Langoni kwa bi mmoja aliyekuwa akitilia mchele na bizari, panya hawaingii. Nikamwambia, "Shikamoo bi, hiyo friji waiuza?" Akasema, "Marahaba mwanangu, na mchele wangu nitauweka wapi?" Basi nikamletea kabati ya mbao na pesa kidogo juu, sote tukaridhika. Usianze na bei, kaa kwanza, kunywa kahawa.

Ukishaiona usikimbilie mashine. Angalia komeo, bawaba, nembo, na plastiki za ndani ya mlango, hivyo ndivyo vitu huvipati tena, kompresa (pampu ya kusukuma gesi) hata ikifa utapata nyingine ya kuingiana lakini komeo la 1952 likivunjika ni kumtafuta fundi wa kuchonga chuma na uombe Mungu. Halafu tafuta kibati chenye maandishi, huwa nyuma au ndani ya mlango, kisome chote. Ukiona F-12 au Freon 12 ndio kawaida ya wakati huo. Ukiona SO2, hiyo ni gesi ya salfa, inakaba koo na kuchoma mapafu, iwache wala usiiguse bomba. Na soma moto wake, ya Uingereza inakwenda na umeme wetu wa volti 240 na saiko 50 (mizunguko kwa sekunde) bila shida. Ya Marekani imeandikwa 115 na saiko 60, watu hununua transfoma ya kushusha wakadhani wamemaliza, kumbe transfoma haibadilishi saiko, mota inazunguka polepole na inapata joto sana, inataka ishushwe zaidi mpaka kama 96 hivi ndio ipumue. Kama ndio friji yako ya kwanza, chukua ya 240.

Kitu kimoja nakisema kwa nguvu. Yale makomeo ya zamani mtu akiwa ndani hawezi kufungua. Watoto wamekufa hivyo wakicheza kujificha, mpaka Marekani ikatunga sheria 1956, na friji zilizotengenezwa huko kuanzia mwisho wa 1958 zikalazimika kufunguka kwa ndani. Kwa hivyo ikishafika uani kwako, ng'oa mlango siku hiyo hiyo au funga komeo kwa waya lisijishike, usingoje kesho.

Kuisafirisha, iwe wima. Kwenye mashua kutoka Mokowe ifunge kamba mlingotini kama mtu mzima amesimama, ukiilaza mafuta ya kompresa yanatoka yanaingia kwenye mabomba. Kama imelazwa kwa bahati mbaya, isimamishe siku nzima kabla hujafikiria kuwasha.

Sasa hapa ndipo kichwa cha habari. Usikate bomba. Friji yangu ya kwanza nilimwita fundi, akaja na mkasi wa bomba mkononi kabla ya salamu kuisha, akakata, gesi ikatoka fyuuu, ikaendelea kutoka kwa muda, yaani ilikuwa imejaa! Mfumo uliokaa umefungwa miaka hamsini na kitu bila kuvuja, umefunguliwa kwa sekunde moja, na shida ilikuwa relei. Sitaki mtu mwengine yamkute.

Kwa hivyo anza na waya. Waya za zamani zimevikwa raba au kitambaa na kwa joto letu hili na chumvi zinapukutika kama biskuti, ukizikunja tu unaona shaba. Badilisha zote, na utie waya wa nyaya tatu wenye athi ifungwe kwenye bodi (lile bati la friji), nyingi zilikuja bila athi na sakafu zetu zina unyevu. Kisha toa relei kwenye kompresa utaona pini tatu. Chukua mita, weka kwenye omu, pima pini mbili mbili, uandike namba kwenye karatasi. Utapata namba ndogo, ya kati, na kubwa, na ile kubwa iwe sawa na ndogo ukijumlisha na ya kati. Tuseme 4, 12, na 16, hapo koili ziko sawa. Halafu pima kila pini na bodi ya kompresa, ukwangue rangi kidogo upate chuma tupu, isisome kitu. Ikisoma, mota imeungua na hiyo ni kazi nyingine. Ikiwa sawa, tia relei ya kuingiana na kinga yake (inayokata umeme mota ikipata joto sana), washa, shika bomba la juu baada ya dakika kumi, likiwa moto na kule ndani kwenye friza kunaanza kutoa baridi, gesi ipo, shukuru Mungu ufunge mdomo.

Na kama kweli imevuja, basi jua R-12, ndiyo ile F-12, haiuziki tena, Mkataba wa Montreal wa 1987 uliipiga marufuku kwa sababu ya ozoni na nchi zetu ziliacha 2010. Fundi atataka kutia gesi nyingine, 134a, juu kwa juu. Mkatalie, 134a haichanganyiki na yale mafuta ya madini yaliyomo, inataka mafuta yake ya esta, kwa hivyo ni kusafisha mfumo mzima au kutia kompresa mpya, na filta mpya, na kuvuta vakyumu vizuri. Gesi ya 600a inakubali mafuta ya zamani lakini inashika moto, na swichi ya taa na themostati za zamani zinatoa cheche mle mle ndani, mimi siitumii kwenye hizi.

Raba ya mlango, ingiza karatasi, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, hewa inaingia. Raba za sasa zenye sumaku hazitafaa, za zamani zinakandamizwa na komeo, mimi hutumia raba ya mlango wa gari yenye tundu katikati, nachagua unene mpaka karatasi ikaze pande zote nne.

Bodi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Kwetu pwani kutu haianzi nje, inaanza ndani ya ukuta. Raba ikifa hewa ya bahari inaingia, inagandia kwenye ile pamba ya glasi iliyo kati ya bati mbili, pamba inalowa, na bati linaliwa kwa nyuma huku nje linang'aa. Kwa hivyo zitoe zile plastiki za ukingoni, lakini zipashe kwanza kwa kitambaa kilichochovywa maji moto, mpaka zilegee, ukizivuta zikiwa baridi zinakatika vipande. Vaa maski na glavu, toa pamba, iliyolowa tupa utie mpya. Kwangua kutu, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, ioshe kwa maji ya bomba, usitumie ya kisima chenye chumvi, ikauke juani ndio praima. Rangi ya asili utaikuta chini ya nembo au nyuma ya bawaba, peleka kipande kwa wachanganyaji wa rangi za gari wakufananishie. Msasa piga wa maji, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ni sumu, vumbi lake usilivute na watoto wasikae karibu. Ndani ile enameli nyeupe usiipige msasa kabisa, ni baikabonati na maji vuguvugu, na harufu itoe kwa bakuli la mkaa siku tatu nne, udi hauitoi.

Ukikuta ya mafuta ya taa, zile za Electrolux zilizotokana na kazi ya Waswidi von Platen na Munters ya 1922, hiyo haina kompresa, ni amonia, maji na haidrojeni vinavyozungushwa na joto la utambi. Ukiona unga wa manjano kwenye mabomba au ukinusa amonia, imevuja, unga huo ni sumu, na usiruhusu mtu aichome welding. Kama ni safi, isimamishe kwa pima maji mpaka itulie sawa, safisha chemni, kata utambi, moto uwe wa buluu, dirisha wazi, uipe siku nzima kabla hujaihukumu.

Ya umeme nayo itilie friji gadi (kifaa cha kuchelewesha umeme ukirudi), stima ikikatika na kurudi hapo hapo kompresa inajikaba. Usiku wa kwanza weka gilasi ya maji rafu ya kati na kipimajoto ndani yake, asubuhi kisome kabla hujafungua mara ya pili. Ikiwa 4 au chini, tia samaki.